Yungiyungi la Ukumbi wa Tatu

Sheria ilikataza nakshi moja kukaa mahali pawili. Mbunifu akichukua nakshi ya kale na kuitia kwenye bidhaa, ile ya asili ilifutwa, ili mnunuzi awe na hakika kwamba hakuna nyingine duniani.

Saumu, mzaliwa wa Pangani aliyeolewa Gyeongju, Korea, alikuwa na miaka sita katika kazi ya kubuni mikoba na vibanio vya nywele. Safari hii alichagua yungiyungi lililochongwa kwenye kigae cha paa la hekalu la kale la Kikorea, kilichohifadhiwa kwenye makumbusho. Alilitia kwenye kibanio cha fedha, kikanunuliwa siku ileile.

Jioni baba mkwe wake, Mzee Dalsu, mlinzi wa makumbusho, alirudi nyumbani akakaa mezani bila kugusa wali.

"Leo wamekifuta kile kigae cha ukumbi wa tatu," alisema. "Miaka thelathini nimekipangusa vumbi. Marehemu mama yenu nilimposa mbele ya kigae hicho."

Saumu aliweka kijiko chini. "Baba, hukuwahi kutuambia."

"Nani angeuliza habari za kigae?"

"Ni mimi niliyelichukua ua lake."

Mzee hakufoka. Alichukua kalamu na karatasi, akaanza kulichora.

"Acha, baba, kutoa nakala ni kifungo cha jela."

Hakuacha, ila mkono ulisita. "Lilikuwa na petali ngapi?"

Saumu, aliyelichora zaidi ya mara mia, akamjibu kwamba amesahau.