Leseni ya Mchonga Mpira

Safari ya nne, fundi alirudishwa kwa sababu ya picha. Masikio hayakuonekana vizuri.

"Kwani kampuni inaombewa leseni kwa masikio?" fundi aliuliza.

"Kampuni haina masikio. Mwenye kampuni ndiye anayo, na hayasikii."

Makarani wa madirisha mengine wakacheka. Aliyesema hivyo alikaa dirisha la nne, na kwenye foleni walimwita Bwana Leseni, wala si kwa heshima. Alikuwa na kipaji kimoja tu duniani, nacho kilikuwa kugonga muhuri. Aliufuta kwa leso, akaupulizia, ukucha wa kidole gumba ukachezea mikato mitatu midogo kwenye kishikio, halafu gwa! Hata akienda kula aliutia mfukoni, maana bila huo angekuwa mtu wa kawaida, na jambo hilo hakulitaka kabisa.

Fundi na mkewe walikuwa na kampuni ndogo: wao wawili na karakana ya kupanga, chumba kimoja. Walifanya kazi miaka kumi na mmoja bila leseni kwa sababu hakuna aliyewauliza. Tarishi wa serikali alileta kazi kwenye bahasha, wakaifanya, tarishi akaja kuichukua. Mwezi uliopita likabandikwa tangazo mlangoni: leseni ipatikane kabla ya Ijumaa saa tisa, la sivyo kufuli. Na leo ndiyo ilikuwa Ijumaa. Karakana ikifungwa, hawakuwa na kazi nyingine waliyoijua.

Safari ya kwanza alikosa cheti cha usajili wa kampuni. Ya pili alileta cheti na namba ya mlipakodi, kumbe na mkataba wa pango unatakiwa. Ya tatu, cheti cha zimamoto. Angetajiwa vyote siku moja, angevileta siku moja, lakini Bwana Leseni alivigawa kidogo kidogo kama dawa ya mtoto.

Fundi akavuka barabara, akapiga picha nyingine, masikio nje nje, akarudi.

Bwana Leseni akaishika fomu kwa ncha za vidole.

"Aina ya shughuli: kuchonga mpira. Unachonga nini, ndala?"

"Hapana, mheshimiwa, sisi tuna..."

"Sijakuomba historia. Alama ya mtengenezaji: mistari mitatu. Akili yote ndiyo ilikomea hapo?"

"Mke wangu ndiye huikata kwenye kila kazi."

"Mwambie aongeze wa nne, tujue kweli amesoma."

Makarani wakacheka tena. Fundi aliinamisha uso. Yeye angeweza kutukanwa kutwa nzima asijali, lakini mkewe hakuwa amemkosea mtu, na hilo lilimuuma.

"Vumilia, baba," alinong'ona mama mmoja nyuma yake. "Ukijibu atakurudisha mwanzo."

"Kazi umeanza lini?" Bwana Leseni akauliza.

Fundi, kwa ujinga wake wa kusema kweli, akajibu, "Miaka kumi na mmoja sasa."

Uso wa Bwana Leseni ukachangamka. Akavuta kitabu cha kanuni, akalamba kidole, akafunua kurasa mpaka akapata alichokitaka, akakisoma kwa sauti ili foleni nzima isikie. Kilichotengenezwa bila leseni si halali. Kirudishwe kwa aliyekitengeneza, kiteketezwe, ndipo leseni itolewe.

"Lakini mheshimiwa, viko mikononi mwa watu. Wanavitumia kila siku."

"Vikusanye."

"Vyote?"

"Vyote, bila kubagua."

"Na mtu akikataa?"

"Nakuandikia agizo. Atakayekataa atanijua mimi ni nani, hata akiwa mkubwa wangu." Akaandika, akatia sahihi, gwa! "Ulete vyote hapa kabla ya saa tisa. Usipoleta, kufuli."

Fundi alilisoma lile agizo mara mbili. Akatamani kulichana palepale. Kisha akalikunja vizuri, akaenda kwa mfagizi chini ya ngazi, akaazima gunia. Alipolipata akaanza kupanda ngazi.

"Mlango wa kutokea uko huku, mzee!" Bwana Leseni alimpigia kelele, na watu wakacheka mpaka akapotea juu.

Saa nane na nusu Bwana Leseni alirudi kutoka kula, kijiti mdomoni. Foleni ilikuwa imefika hadi barazani na watu wananung'unika. Karani wa dirisha la kwanza alikaa mikono mapajani. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alikuwa akijikuna kichwa mbele ya rundo la fomu. Jengo zima halikutoa gwa hata moja.

"Mnaangalia nini?" alifoka. "Fanyeni kazi!"

Makarani wote wakageukia dirisha la nne.

Fundi alikuwa amesimama mbele ya dirisha la nne, gunia limejaa miguuni, agizo mkononi. Bwana Leseni akaketi, akatoa muhuri wake mfukoni, akaanza kuufuta kwa leso.

"Enhe, mchonga ndala. Umevikusanya?"

"Nimeanzia juu kwa mkubwa wako, mheshimiwa, nikashuka chumba kwa chumba. Hakuna aliyebisha, maana agizo lako limegongwa." Fundi akafungua mdomo wa gunia, akanyoosha kiganja dirishani. "Umebaki mmoja tu. Huo."