Mita Nane Kutoka Ukutani

Mzee Shomvi aliupima umbali mwenyewe, kwa utepe wake wa useremala: mita nane, kutoka ukuta wa tangi la maji hadi mwanawe alipoangukia. Shehe hakukubali kumsalia mpaka ijulikane kama kijana aliteleza au alijirusha.

Mwalimu Tunu aliandika ubaoni. Kimo cha tangi, mita ishirini. Muda wa kuanguka, sekunde mbili. Nane gawa kwa mbili, nne. Mita nne kila sekunde ni mwendo wa mtu anayekimbia. Anayeteleza huangukia miguuni pa ukuta.

"Hesabu inasemaje, mwanangu?"

Tunu hakuwahi kufundisha jibu la uongo.

"Aliteleza, baba."

Mzee aliitazama ile nne kwa muda mrefu. Kisha akashika pindo la kanzu yake, akaanza kufuta ubao, taratibu.