Taa Mpya ya Chatu

Tumushabe alimpapasa chatu wake mgongoni, akamkuta baridi kama sufuria iliyolala nje.

"Mzee, hiyo nyoka imekufa," mkewe alisema kutoka mlangoni. "Enda uizike."

Atakufaje kwa baridi na taa inawaka juu ya sanduku lake? Taa mpya aliyoinunua sokoni Bwera, kali hata jogoo wa jirani alikuwa akiwika usiku kucha!

Tumushabe akaisogezea kiganja. Akaigusa kwa kidole, kisha akaifumbata kabisa. Haikumuunguza. Ilikuwa na mwanga mtupu, joto hakuna.

Akakimbilia jikoni, akarudi na kidumu cha maji ya moto, akakifunga kitenge na kukilaza ubavuni mwa chatu. Akangoja, pumzi ameibana.

Ulimi ukachomoza.

"Mzee!" mkewe aliita kutoka bafuni. "Nani amebeba maji yangu?"