Kuinama kwa Niaba ya Mama

Nakuleu alisimama ukingoni mwa shimo la maji walilochimba katika mchanga wa mto mkavu, nje kidogo ya Kakuma. Ndani ya shimo, binti yake alikuwa ameinama akichota kwa kikombe. Nakuleu mwenyewe hakuweza kuinama tangu usichana wake, madaktari walipounyoosha mgongo wake uliopinda na kuufunga kwa vyuma.

"Mama, umesimama kama posti ya stima," binti alimtania bila kugeuka. "Lete mtungi."

Nakuleu hakucheka. Kutoka pale juu aliuona mgongo wote wa mtoto, nguo iliyolowa imeung'ang'ania. Mbavu za upande wa kulia zilikuwa zimeinuka, kama zake zilivyoinuka zamani, kama jiwe lililosahauliwa chini ya mkeka.

Ee Bwana, si huyu.

"Hebu inama tena."

"Maji imetosha, mama."

"Inama!"

Msichana hakuinama. Alijinyoosha polepole, akavuta shuka mabegani, na Nakuleu akajua kwamba mtoto alikuwa anajua.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua iliyopita."

"Na ukanyamaza! Si ungesema, tukaenda hospitali Lodwar?"

Binti alitazama maji. "Kila asubuhi nakusikia, mama. Vile unalia ukiamka."

Nakuleu alikuwa ameomba miaka mingi maumivu hayo ya mgongo yaondoke, na hayakuondoka. Alipiga magoti mchangani, mgongo umesimama wima, akamnyooshea mtoto mkono.

"Lakini naamka," alisema.