Kiti cha Kivulini

Kwa miaka kumi na minne tangu avuke mpaka na kuhamia mtaa huo, Wakili Consolata Niyonzima aliwaandikia wajane barua za mirathi bila malipo. Lakini kila palipotokea msiba, aliwekewa kiti cha plastiki kivulini na kuletewa chai, wanawake wenzake wakipika.

Sasa, akiwa ameshapata uraia, alikuwa akigombea udiwani. Siku tatu kabla ya kura, alikikalia tena kiti hicho msibani. Bi Sikudhani akachungulia kutoka jikoni.

“Consolata, umekaa tu? Vitunguu havijamenywa huku.”

Hakumwita Wakili. Consolata akavua viatu, akajifunga khanga ya kuazima, akasogezewa kisu na nafasi mkekani.

Alikuwa kwenye kitunguu cha tatu alipoingia mpinzani wake, mzaliwa wa mtaa ule, na wapambe wake. Wanawake wakampokea kwa heshima zote, wakampangusia kile kiti.