Kengele ya Chakula

Moshi ulipoanza kutoka jikoni mchana ule, Zamzam alifanya alichofundishwa: alitungua kengele kwenye ndoano yake, akaipiga kwa nguvu zote.

Ndipo alipokumbuka. Awali kengele ile ilikuwa ya hatari tu. Yeye, mlezi wa nyumba, ndiye aliyeanza kuipiga kila wakati wa chakula, maana watu wazima aliowatunza, wengine akili zao nzito, wengine hawaoni, walikuwa wakichelewa mezani.

Milango ikafunguka. Wakatoka na sahani zao, wakielekea chumba cha kulia, kinachopakana na jiko.

“Msiende huko,” akawaambia. “Kuna moto. Tokeni nje.”

“Tumesikia kengele, dada,” Makame akamjibu kwa upole, akampita.

Zamzam akakimbilia uani na kengele, akaketi mchangani kama aliyetandika mkeka wa chakula, akaipiga. “Leo chakula huku,” akaita. “Karibuni, chakula huku.”

Wakageuka. Mmoja mmoja wakatoka wakikohoa, wakaketi kumzunguka, sahani magotini.

Mzee Shomari hakuwamo. Yeye haoni, hutembea akigonga ukuta kwa sahani yake ya bati. Zamzam alitega sikio. Ndani ya moshi sahani iligonga, ikagonga tena, karibu kidogo, kisha ikanyamaza.

Akiacha kupiga, mzee atapotea. Akiinuka kumtafuta, wote watamfuata ndani.

Akaendelea kupiga. Makame akamnyooshea sahani yake tupu.