Uvimbe Chini ya Mtandio

Kwa siku kumi na moja fundi cherehani alikuwa akijifunga mtandio shingoni ndani ya nyumba yake mwenyewe, na joto lote lile, na mumewe hakuuliza kitu.

Chini ya mtandio kulikuwa na uvimbe. Aliugundua kazini, alipokuwa akijaribishia kola ya sare ya shule kwenye shingo yake: kitu kigumu, mfano wa kokwa ya tende, chini kidogo ya taya. Alikiminya. Hakikuuma. Hilo ndilo lililomkata maini. Mama yake mdogo alianza na uvimbe usiouma, wakamzika kabla mwaka haujaisha.

Mumewe alikuwa mwalimu, na hata yeye mkewe alimwita Mwalimu. Hakutaka kumtia hofu. Maskini, ndiyo kwanza ameanza kunenepa tena baada ya msimu wa mitihani, na kile kikohozi chake cha vumbi la chaki kimemwacha. Alikuwa bado analala sebuleni kwa ajili ya mgongo wake, na fundi alishukuru kimoyomoyo. Usiku aliweza kuvua mtandio na kujipapasa hadi usingizi umchukue.

Siku ya kumi na mbili alifunga duka mapema, akaenda zahanati.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye vidole baridi. Alimpapasa shingo, makwapa, kinena. Akamuuliza juu ya meno, vidonda, paka, homa, jasho la usiku.

"Jasho ninalo. Nilidhani ni umri."

"Mama, hizi tezi ni kama walinzi wa getini," daktari alisema. "Zikivimba, ujue zimekamata mtu. Mara nyingi ni jino bovu au kidonda tu. Mara chache ni saratani. Hatubahatishi, tunachukua maji kwa sindano tukamtazame aliyekamatwa."

Kati ya yote hayo, fundi alisikia neno moja tu.

Wiki ile alishona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja. Aliandika kwenye daftari la vipimo nani apewe cherehani, nani apewe mashine ya kudarizi. Mwalimu alipomuuliza anaandika nini, alisema oda.

Majibu yalipotoka, daktari alivuta kiti karibu.

"Si saratani. Ni kifua kikuu cha tezi."

"Kifua kikuu? Mimi sikohoi hata kidogo."

"Hiki chako kimejificha shingoni. Miezi sita ya dawa, usiruke hata siku moja, utapona. Lakini kuna mtu aliyekuambukiza. Nyumbani nani anakohoa?"

"Hakuna. Tuko wawili tu, na mume wangu ni mzima."

"Basi kesho njoo naye, apimwe."

Furaha yake iliishia barabarani. Je, kama ni yeye aliyemletea mumewe ugonjwa huu nyumbani? Wateja wangapi wamemkoholea usoni huku akiwapima mabega? Na Mwalimu ana wanafunzi sitini darasani.

Alimkuta akisahihisha madaftari. Akasimama mbele yake, akafungua mtandio.

"Nimekuficha, Mwalimu. Nisamehe. Ni kifua kikuu, na huenda nimekuambukiza."

Mwalimu alitazama ule uvimbe mpaka kalamu ikamdondoka. Fundi akajua ameshaanza kumwogopa.

"Ukitaka kwenda kukaa kwa kaka yako, sitakulaumu," alisema.

"Siendi popote," Mwalimu alijibu. "Mke wangu, kuna jambo..."

"Usinifariji. Kesho twende ukapimwe, basi."

Asubuhi walikwenda, fundi akitangulia. Mlangoni pa zahanati Mwalimu alisita, fundi akamshika mkono kama anavyoshikwa mtoto siku ya chanjo. Walikaa kwenye benchi mbele ya dirisha la dawa za kifua kikuu, fundi akitafuta maneno ya kumweleza muuguzi.

Muuguzi aliinua macho, akatabasamu kabla fundi hajafungua kinywa.

"Mwalimu, mbona leo? Dawa zako za mwezi wa tatu si mpaka Ijumaa?" Kisha akamgeukia fundi. "Afadhali umerudi safari, mama. Tangu aanze dawa tunamwambia akulete tukupime, anasema bado hujarudi."